Naambiwa nanunua hewa: apartema ndogo ya zamani, kartie ya Makutano, Lubumbashi

Nesi wa Usiku (mleta uzi)

Jambo bandugu. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu ya usiku, mwaka wa kumi na nne huu. Narudi nyumbani saa mbili asubuhi. Pale ninapopanga, komini ya Kenya hapa hapa Lubumbashi (siyo nchi ya Kenya), saa hiyo ndipo msumeno wa seremala unaanza, halafu jirani wa kuchomelea vyuma, na ikifika saa nane mchana nganda (baa) ya nyuma inafungua muziki. Nimezaliwa Kenya, siisemi vibaya. Lakini mwili umechoka, na wagonjwa ninaowachoma sindano wanahitaji mtu aliyelala.

Marehemu mume wangu na mimi tulikuwa na parseli (kiwanja) Kalebuka, pembeni ya mji. Tulimwaga fondasio, tukanunua briki, halafu akaugua. Baada ya kilio nilikuwa naenda kila mwezi, na kila mwezi briki zimepungua na nyasi zimepanda. Mwaka jana niliiuza. Pesa ile pamoja na akiba yangu ndiyo ninayotaka kununulia nyumba ya kukaa, siyo chantier (ujenzi) nyingine ya miaka kumi.

Nimepata apartema Makutano. Jengo la miaka ya 1950, chini na etaji mbili juu, apartema sita kwa jumla. Yangu (naona nimeanza kusema yangu) iko etaji ya kwanza: vyumba viwili, saluni, jiko ambalo watu wawili hawapishani, na balkoni. Mbele kuna jacaranda tatu, nyuma kuna mti wa avoka unaofika mpaka dirisha la jiko. Nilikwenda mara ya kwanza mwisho wa mwezi wa tisa. Maua yalikuwa yamefunika njia yote, santineli (mlinzi) anayafagia, na akimaliza kipande kimoja, nyuma yake yameshaanguka mengine. Nikasimama kwenye balkoni nikasikia ufagio. Ufagio tu, na ndege. Karibu nilie.

Sasa yale niliyoyaona kwa macho. Sakafu ni granito (siment yenye vipande vya mawe, iliyosuguliwa), nzima, nzuri sana. Madirisha ni ya chuma na vioo vidogo vidogo, mawili hayafungi. Swichi za umeme ni zile nyeusi za mviringo. Bomba la jiko lilitoa maji mekundu kama chai, nikahesabu karibu dakika moja, halafu yakawa meupe. Na kwenye dari ya jiko, kona ya kulia, kuna doa kubwa kama sinia, pembeni njano, katikati kijivu. Nilipanda kwenye kiti nikaligusa. Lilikuwa baridi na bichi. Anayeuza akasema ni mvua ya mwaka jana.

Wanaouza ni watoto wa marehemu mwenye nyumba, wako wanne. Mimi nimeonana na mmoja, wa tatu kuzaliwa, pamoja na komisionere (dalali). Wanaomba dola 46,000. Komisionere ananipigia kila siku: kuna kliyan mwingine, leta avansi (malipo ya kutangulia) ya dola 5,000 kabla ya Ijumaa.

Na sasa mjomba wangu, kaka ya mama, ambaye ndiye amebaki mkubwa wa familia. Nilipomweleza alinyamaza kwanza, halafu akasema: "Mtoto wangu, unanunua hewa. Udongo wako uko wapi? Sombe (majani ya muhogo) utatwangia wapi? Umeme ukikatika mbabula (jiko la mkaa) utawashia wapi? Na siku Mungu akiniita, kilio utakiweka wapi, kwenye ngazi?" Sikuwa na jibu. Siwezi kununua nyumba huku mjomba hataki kuingia mlangoni.

Wenye kujua, nisaidieni.

Etaji ya Mwisho

Yaya (dada), aksanti kwa kuuliza kabla. Mimi sikuuliza.

Nakaa katika jengo kama hilo, upande wa mjini, juu kabisa. Nilinunua miaka sita iliyopita. Mvua ya kwanza ya Novemba, maji yaliingia chumbani kwa watoto. Nikawashukia majirani mmoja mmoja. Wa chini alisema: mama, mimi nina udongo, dale (zege la juu ya jengo) ni ya kwako uliye juu. Wa etaji ya kwanza alisema atafikiri. Mwenye apartema ya kando yangu anakaa Kolwezi, hapokei simu. Nimelipa rufingi (karatasi ya lami ya kuzuia maji) yote peke yangu, na dale ile inafunika vichwa vya watu wote.

Kwa hiyo kabla hujaangalia jacaranda, uliza: dale ni ya nani? Fosi (shimo la maji machafu) ni ya nani? Pompi ya maji, bomba kubwa linaloshuka, taa ya ngazi? Je, wana karatasi yoyote waliyosaini wote, au kila mtu anaishi kwa huruma ya mwenzake? Nenda Jumapili alasiri, watu wako nyumbani. Bisha hodi kwa wote, sema wewe ni nani, omba kiti. Watakuambia mengi ambayo anayeuza hatakuambia. Na uangalie ngazi. Ngazi iliyofagiwa, yenye balbu inayowaka, ni jengo ambalo watu wanaongea. Kwetu balbu ya ngazi imekufa mwaka wa pili, kila mmoja anangoja mwingine ainunue.

Ukifika, panda mpaka juu umwone yule anayekaa chini ya dale. Muulize yeye kwanza.

Karani Mstaafu

Mama nesi, pole na kazi. Nimekaa na madosie ya ardhi miaka mingi, sasa niko nyumbani. Naomba unisome polepole.

Avansi usitoe. Siyo dola 5,000, siyo 500. Mtoto wa tatu kati ya wanne hawezi kuuza mali ya baba peke yake. Kwa sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, watoto wote wa marehemu ni warithi wa kundi la kwanza, waliozaliwa ndani ya ndoa na wale wa nje ambao baba aliwatambua akiwa hai. Mjane naye ana haki zake. Unataka kuona prosesi verbali (karatasi ya kikao) ya familia yenye saini za wote, jina la likidateri, yaani yule aliyechaguliwa kusimamia mirathi, na hukumu ya mahakama inayomthibitisha. Likidateri ndiye anayesaini kuuza. Kama hayupo, huna muuzaji. Una mtu mwenye funguo.

Halafu karatasi yenyewe. Watu wengi mjini wanaonyesha fishi parselere ya komini na kudhani wana mali. Fishi inasema nani anakaa pale, basi. Haki ya mali inaonekana kwenye sertifika ya konservateri (mwandikishaji wa ardhi wa Serikali), hiyo peke. Uliza jambo hili kwa maneno haya haya: kuna sertifika ya apartema hii peke yake, au kuna sertifika moja ya jengo zima? Kama ni moja ya jengo zima, na wengine watano wanakaa kwa akte za mkononi (karatasi walizoandikiana wenyewe), unaingia katika shida ya watu sita kwa pesa ya mtu mmoja. Kama iko ya apartema, omba kopi, andika namba ya volimi (kitabu) na ya folio (ukurasa), uende mwenyewe kwa konservateri uombe kulinganisha na kitabu chao. Usimtume komisionere. Kwenye sertifika ndipo deni la benki huandikwa kama nyumba iliwekwa rehani, hivyo geuza karatasi uangalie nyuma na pembeni, usisome ukurasa wa kwanza tu.

Angalia pia tarehe. Sertifika ikitolewa, anayeipinga ana miaka miwili ya kwenda mahakamani. Ikipita hiyo, kwa kawaida haki iliyoandikwa humo haitikisiki tena, mwenye malalamiko anabaki kudai fidia. Sertifika ya zamani ya baba ni nzuri. Sertifika mpya ya miezi sita, iliyotoka kwa jina la mtoto mmoja, inabidi ikutie wasiwasi.

Na kuhusu mjomba wako. Mwambie kwa heshima, si kwa kumshinda. Katika nchi hii udongo wote ni wa Serikali, ndivyo ilivyoandikwa katika sheria ya 20 Julai 1973. Mwenye parseli ya mita 20 kwa 30 hana udongo, ana haki ya kuutumia, na haki hiyo inakaa kwenye sertifika. Wewe ukiwa na sertifika ya apartema, na yeye akiwa na fishi ya komini peke, mwenye kushika hewa si wewe. Nimeona familia zenye ukuta wa mita tatu na geti la chuma zikitoka nje na magodoro kichwani kwa sababu ya karatasi.

Fundi Bomba

Yaya nesi, lile doa la jikoni ndilo limenifanya niandike.

Umesema uliligusa mwisho wa mwezi wa tisa likawa bichi. Huku kwetu mvua imeisha mwezi wa nne. Doa la mvua ya mwaka jana mwezi wa tisa linakuwa kavu kama karatasi, ukilikwaruza linatoa unga. Bichi maana yake maji yanashuka leo. Na juu yako hakuna dale, kuna jiko la mtu. Hiyo ni bomba la jirani wa juu, au maji machafu ya beseni lake yanapotea njiani. Ni habari nzuri kidogo, maana bomba moja linatengenezwa kwa siku mbili, lakini ni lazima yule wa juu akubali kuvunja sakafu yake. Kaongee naye kabla ya kununua.

Maji mekundu ni mabomba ya chuma ya zamani, yanaoza kutoka ndani. Dakika moja kisha yanasafika, bado si mwisho, lakini ukifungua bomba mbili kwa pamoja utaona ya pili inadondoka tu, kwa sababu tundu la ndani limebaki la kalamu. Jaribu hivyo: jiko na bafu pamoja. Weka kwenye hesabu yako kubadilisha mabomba yote ya ndani kwa yale ya plastiki, na upitishe nje ya ukuta, usichimbe granito ile. Granito ya wakati huo hatuna tena fundi wa kuirudisha ilivyokuwa.

Umeme: swichi nyeusi za mviringo maana yake nyaya nazo ni za wakati ule, zenye mpira uliofungwa na kitambaa. Ukishika mpira unavunjika mkononi kama biskuti. Wakati ule mtu alikuwa na taa nne na redio. Wewe utaleta friji, pasi, mashine ya kupikia. Badilisha waya wote kabla hujaingiza kitanda, na uweke waya wa ardhi, maana kwenye majengo yale mara nyingi haumo.

Juu ya jengo kuna nini, dale tupu au mabati? Kama kuna yale mabati mazito ya kijivu ya siment, ya eternit, msiyakate wala kuyatoboa. Ya miaka ile yana amianti (asbesto) ndani, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Likikaa bila kuvunjwa linakaa tu. Mwezi wa tano nilimwona kijana anayakata kwa mashine, uso mweupe wa vumbi, nikamzimia umeme.

Na jacaranda, naipenda kama wewe. Mizizi yake inafuata maji machafu. Fungua kifuniko cha shimo la ukaguzi kati ya jengo na fosi, mwaga ndoo mbili za maji kutoka juu, tazama kama yanapita haraka au yanapanda. Mti usikatwe. Bomba ndilo libadilishwe.

Jambo la mwisho: gonga fremu za milango kwa kidole, chini karibu na sakafu. Udongo wetu ni wa mchwa, mnajua vichuguu vya Lubumbashi vilivyo vikubwa kama nyumba. Ikilia tupu, ndani wameshakula.

Mtoto wa Lushi, Bruxelles

Kwa wale wa nje wanaosoma uzi huu wakitamani apartema kama hiyo: kama umechukua uraia wa huku, kumbuka kwamba uraia wa Congo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine, ndivyo sheria ya Novemba 2004 inavyosema. Konsesio ya daima (haki ya kutumia udongo bila mwisho) ni ya Mkongomani peke. Asiye Mkongomani anapata ya kawaida, ya miaka 25 inayoweza kurudiwa. Mimi nilijifunza hilo mbele ya meza ya ofisi, pesa nimeshatuma. Mama nesi, wewe haikuhusu, samahani kuingilia. Nimeona neno jacaranda nikashindwa kupita.

Baba Kamalondo

Watoto wangu, jambo. Nina miaka sabini na nne. Karani amesema ukweli wa karatasi, lakini naona hamjamwelewa mjomba.

Mji huu ulianza 1910, na tangu mwanzo uligawanywa: wazungu huku, sisi kule, katikati sehemu tupu isiyojengwa. Kartie zenye miti, Makutano, Golf, Makomeno, hazikuwa zetu. Baba zetu walifika pale kama boi (mtumishi wa nyumbani) na mpishi, walikuwa wanaijua ile granito kwa magoti. Na wale waliofanya kazi kwenye migodi na reli walikaa kambini. Nyumba ya kambi ilikuwa nzuri, briki, maji, shule karibu. Lakini nyumba ilikuwa inafuata kazi. Baba yangu alifanya kazi kwa kampani moja miaka ishirini na sita. Siku alipostaafu alipewa siku za kuhesabu, na mama akafunga vyombo ndani ya mashuka. Mimi ndiye niliyebeba kinu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, kinu kilinishinda, nikakiviringisha barabarani mpaka Kamalondo.

Sisi tuliolelewa hivyo, tunaposema parseli hatusemi mita. Tunasema mahali ambapo hakuna mtu atakuja na barua. Mjomba wako, mama, haogopi hewa. Anaogopa kufukuzwa. Akisikia etaji, majirani juu na chini, anasikia kambi.

Kwa hiyo usimpelekee sheria kwanza. Mpeleke yeye mwenyewe aone. Mpandishe ngazi, mkalishe kwenye balkoni, mpe maji. Na swali la kilio mjibu kwa kweli, ni swali kubwa. Uliza kama kuna uwanja nyuma na kama majirani wanakubali viti na turubai siku tatu. Jengo ambalo mtu hawezi kuliliwa si nyumba.

Etaji ya Mwisho

Baba, umeniliza na hicho kinu.

Kwa habari ya kutwanga: mimi natwanga. Nilinunua kinu kidogo, nakiweka juu ya gunia lililokunjwa mara nne, mchana tu, na jirani wa chini nampa sahani. Siku hizi pia sokoni wanauza sombe iliyokwisha kutwangwa, mama yangu haitaki kuiona, mimi napika. Mbabula naiwasha kwenye balkoni, kamwe ndani, moshi wa makala (mkaa) unaua watu usingizini. Wewe nesi unalijua kuliko mimi.

Nesi wa Usiku

Aksanti kwenu wote, sijui nianze wapi. Nalijua, dada. Kila mwaka kiangazi kikishika, baridi ya mwezi wa sita na wa saba, tunawapokea waliolala na mbabula ndani. Wengine hawafiki.

Komisionere nimemwambia avansi hakuna. Amekasirika, amekata simu. Kliyan mwingine basi achukue. Nitarudi hapa nikiwa na kitu mkononi.

Nesi wa Usiku

Nimerudi, ni wiki ya tano. Kliyan mwingine hakutokea.

Nilianza na sertifika. Nilikwenda mwenyewe, baada ya zamu, macho mekundu. Iko, ni ya apartema peke yake, jina la marehemu baba, ya mwaka 1988, imelingana na kitabu, hakuna deni la benki. Karani, niligeuza nyuma kama ulivyosema. Nyuma ni safi.

Lakini likidateri hakuwepo. Na nilipowauliza majirani, Jumapili, kiti kwa kiti, yule bibi wa chini akaniuliza: "Na dada yao mkubwa wa Ndola amekubali?" Mimi sikujua kama kuna dada Ndola, kule Zambia. Nilipewa namba. Nilimpigia, nikajieleza kwamba mimi ni mnunuzi, sitaki kuingia katika mali ya watu kwa mlango wa nyuma. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema: "Balkoni ile mama alikuwa anakaukishia mihogo." Hakuwa ameambiwa chochote. Alivuka mpaka wa Kasumbalesa wiki iliyofuata, akakaa na wadogo zake siku mbili. Sikuwepo na sijauliza walisemezana nini. Walitoka na prosesi verbali yenye saini nne, yeye ndiye likidateri, na dosie sasa iko mahakamani kuthibitishwa. Yule wa tatu aliniomba msamaha mbele yake. Alikuwa na deni, basi.

Bei imeshuka mpaka dola 41,000. Sikubishana sana. Nilimwonyesha dada mkubwa orodha ya Fundi: mabomba, waya, madirisha mawili, fremu moja iliyolia tupu. Alizigonga mwenyewe. Pesa iko benki, haitoki mpaka siku ya kusaini mbele ya notere (mthibitishaji wa mikataba), hukumu ikiwa mezani.

Doa la jikoni ni kama Fundi alivyosema. Tulimwaga maji yenye rangi ya bluu kwenye beseni la mama wa juu, na kesho yake kona yangu ikawa na bluu. Amekubali sakafu yake ivunjwe. Nilipokuwa kwake niliona mabeseni matano yamepangwa chumbani, jua linawaka, hakuna mvua. Nikamuuliza. Akasema anayaacha pale tu, maana mvua ya usiku haipigi hodi.

Mjomba. Nilimchukua kwa teksi Jumamosi. Alipanda ngazi akishika ukuta, anapumzika kila ngazi ya tano. Hakusema neno. Ndani aligonga kuta, akafungua na kufunga mlango mara tatu, akapiga magoti (na magoti yake si ya kupigwa tena) akapitisha kiganja juu ya granito. Akakaa hapo chini muda. Baba yake, babu yangu, alikuwa boi huku huku, kartie hizi. Sikulijua hilo. Nina miaka arobaini na tatu na sikulijua.

Halafu bibi wa chini akamwita nyuma kumwonyesha uwanja. Chini ya mti wa avoka ndipo walipomlilia marehemu mwenye nyumba yangu, siku nne, turubai ilifungwa kwenye tawi na kwenye ukuta, alama ya kamba bado iko kwenye gamba. Mjomba alishika ile alama. Akauliza wapishi walikaa upande gani. Bibi akamwonyesha. Akauliza maji yalitoka wapi. Akamwonyesha.

Tulipokuwa kwenye teksi alisema: "Ukipata funguo, usilale humo kabla sijaja. Nitaleta mkeka, nilale usiku wa kwanza mimi."

Wakaaji sita wameandika karatasi, ukurasa mmoja, kuhusu dale, fosi na taa ya ngazi, na mimi nimesaini kama mnunuzi anayengojewa. Balbu ya ngazi nimeileta mimi. Fundi, Jumamosi saa tatu tunapanda juu, wanaume wa chini wameazima ngazi ndefu, na ni dale tupu, hakuna eternit. Tukiwahi kabla ya mvua ya Desemba, mama wa juu ameahidi kuniazima beseni moja kwa ajili ya kufulia.